Boshori kwenye joto la Kisumu: akina mama wa kanisa wanamfumia nani?

Kisumu si mji wa boshori. Saa nane mchana jua likiwa limesimama juu ya Kondele, hata soja wa geti huwa ashavua sweta, na ukiona msee amevaa marvin unajua hiyo ni swag, si baridi. Sasa hebu fikiria akina mama kama kumi hivi wa kanisa, wamekaa kwenye benchi chini ya mwembe siku ya katikati ya wiki, kila mmoja na bonge la uzi mapajani, wanafuma vikofia vidogo ambavyo ukivivisha chungwa kubwa vinakaa sawa kabisa. Swali la kila mpita njia ni lile lile. Hizo ni za nani, na hiyo baridi iko wapi?

Ni za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wale ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita njiti. Na baridi iko. Ni vile tu wewe na mimi hatuisikii.

Tuanze na hesabu. Ndani ya tumbo la mama joto ni kama digrii 37. Kisumu mchana hugonga 29 au 30, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Kwako wewe 30 ni jasho na kutafuta soda baridi. Kwa mtoto aliyetoka tumboni dakika moja iliyopita, akiwa ameloa maji mwili mzima, 30 ni kuporomoka digrii saba kwa ghafla. Usiku ukifika ni digrii 20. Ni kama wewe utolewe bafu la maji moto Milimani urushwe Limuru mwezi wa Julai, bila taulo.

Mtoto aliyetimiza miezi tisa ana silaha kidogo. Wiki za mwisho tumboni anawekewa aina ya mafuta ya rangi ya kahawia, mabegani na mgongoni, ambayo kazi yake ni kuchomwa ili yatoe joto. (Si kama mafuta ya kitambi cha mjomba wako. Hayo hayana haraka ya kuchomeka.) Mtoto akizaliwa wiki ya 30 anakuwa hajapata akiba hiyo. Ngozi yake ni nyembamba, joto na maji vinapita tu. Hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto. Na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, karibu sehemu moja kwa tano ya ngozi yake yote iko hapo juu. Ndiyo maana kofia.

Shirika la Afya Duniani linasema joto la mtoto mchanga linafaa kuwa kati ya 36.5 na 37.5. Chini ya hapo ameanza kupoa. Na si mambo ya Ulaya kwenye theluji: mapitio ya tafiti yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 32 na 85 ya watoto wanaozaliwa hospitalini walipatikana wamepoa, hata katika nchi za joto kama zetu. Mtoto akipoa anatumia sukari yake ya mwilini na hewa ya oksijeni kupigana na baridi. Anachoka. Anaacha kunyonya. Analala sana, na mama anasema afadhali leo ametulia. Hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya.

Mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wiki ya 37 duniani, karibu mmoja kati ya kila kumi. Hapa kwetu huhitaji takwimu ili kujua kitu hicho kipo. Kila mtaa una Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo, na mapacha mara nyingi hawangoji tarehe. Hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 1969, siku ambayo mji huu haujaisahau mpaka leo, hupokea akina mama kutoka pande zote za Nyanza na magharibi. Kuna wanaofika na boda, kuna wanaofika na ambulensi, na kuna wanaofika mtoto ashatoka.

Sasa turudi kwa hao akina mama wenye uzi.

Ukiuliza Msabato kuhusu kikundi cha kufuma na kushona kanisani atakuambia neno moja: Dorkasi. Jina linatoka Matendo ya Mitume, sura ya tisa. Mama mmoja wa mji wa Yafa, Tabitha kwa lugha yake, Dorkasi kwa Kigiriki, alikuwa anawashonea wajane nguo. Akafa. Petro alipoitwa, wale wajane hawakumhubiria. Walisimama wakilia na kumwonyesha nguo. Mimi si mtu wa kanisa sana, lakini hiyo sehemu hunishika. Mtu amekufa, na ushahidi wa maisha yake ni mashati.

Waadventista waliunda chama chao cha kwanza cha Dorkasi mwaka 1874 huko Battle Creek, Michigan. Miaka 32 baadaye, 1906, Mkanada anayeitwa Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, walishuka treni hapa Kisumu, wakavuka ghuba la Winam kwa mashua, wakapanda kilima cha Gendia juu ya Kendu Bay na kuanza misheni. Usisahau jina la Nyambo. Vitabu vingi humtaja Carscallen aya nzima na Nyambo sentensi moja, na ni yeye aliyekuwa amekuja kutoka bara hili. Tangu hapo Usabato umeshika pwani ya ziwa kuanzia Kendu Bay hadi Homa Bay na kwingineko, na mahali kuna kanisa la Sabato, ni nadra ukose Dorkasi. Wanatembelea wagonjwa, wanapelekea wajane unga, wanakusanya nguo. Wanafuma. Ila si siku ya Sabato, hiyo siku sindano haiguswi.

Si wao peke yao. Waanglikana wana Mothers' Union, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa mchungaji wa kijijini. Wakatoliki wana CWA yao. Leso na sare ni tofauti, lakini mtindo ni ule ule: mchango wa shilingi kidogo kila mkutano, chai, maombi, na kazi ya mkono.

Wacha niseme kitu hapa ambacho huwa hakisemwi kanisani. Huu ufumaji haukuja kwetu kama hobi ya kupunguza stresi, vile siku hizi watu wanapost. Ulikuja kama mtihani wa ustaarabu. Zamani Wajaluo waliwaita watu wa nguo jonanga, na mmisheni alipofika, nguo ikawa alama ya kuonyesha nani ameokoka na nani bado. Wasichana wakafunzwa sindano wakati wavulana wanafunzwa hesabu na ukarani. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa 1952, chini ya serikali ya mkoloni, masomo yake yalikuwa usafi, malezi, kushona na kufuma. Halafu uhuru ukaja, na kila sebule ya Kenya ikajaa vitambaa. Unavijua. Vile vyeupe vya krosheti juu ya kochi, juu ya redio, juu ya TV, hadi juu ya kitambaa kingine. Dani wangu alikuwa navyo vya kutosha kufunika Nyalenda.

Na shuleni pia. Wale waliosoma 8-4-4 ya mwanzo watakuambia vile walifunzwa kufuma kwenye sayansi kimu na sanaa. Sindano za duka zilikuwa ghali, kwa hivyo watoto walitafuta spoku za baiskeli, wakazinoa kwa jiwe. Kisumu, mji wa baiskeli, spoku haikuwa shida, shida ilikuwa mwenye baiskeli akigundua. Kwa hivyo huyo mathe unayemwona amefunga leso, anauza nyanya Kibuye, kuna uwezekano mkubwa anaweza kufuma sweta nzima bila kuangalia. Huo ni ujuzi umelala bure mikononi mwa watu. Swali ni utumike wapi.

Hapa ndipo story inakuwa ngumu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini sikuacha kusoma vitu ambavyo hakuna mtu ameniambia nisome. Nikatafuta: hizi kofia za uzi zinasaidia kweli? Nikakutana na utafiti uliochapishwa 2018 kwenye jarida la Pediatrics. Madaktari walichukua watoto waliozaliwa na uzito mdogo katika hospitali tatu za Afrika, wote wakiwa wanabebwa kifuani na mama zao. Nusu wakavishwa kofia ya sufu, nusu hawakuvishwa. Wakapima joto mara kwa mara. Matokeo: kofia haikuwa na madhara, lakini pia haikuongeza faida yoyote. Waliovaa na wasiovaa walikaa kwenye joto zuri muda unaokaribiana sana.

Noma, si ndiyo? Fikiria umefuma kofia 40 na macho yako ya miaka 60.

Lakini soma tena. Wote walikuwa wanabebwa kifuani. Utafiti haukusema watoto hawahitaji joto. Ulionyesha kwamba kifua cha mama kikiwa kinafanya kazi, kofia juu yake haiongezi kitu kikubwa. Na pia haukusema tuwavue kofia. Miongozo ya hospitali bado inataka mtoto avae nepi, soksi na kofia akiwa kifuani, kwa sababu kuna kubadilishwa nepi, kuna kupimwa uzito, kuna kuhamishwa kitanda, kuna ile safari ya boda kwenda nyumbani upepo wa ziwa ukipiga. Kofia ni sehemu ya kifurushi. Kitu ambacho haiwezi ni kusimama peke yake.

Kinachobeba kazi ni hicho kifua. Wanaita mtindo wa kangaruu. Ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwenye hospitali ya akina mama maskini. Daktari Edgar Rey Sanabria hakuwa na inkubeta za kutosha, yale masanduku ya joto, na watoto walikuwa wanalazwa pamoja ndani ya sanduku moja na kuambukizana magonjwa. Akasema, basi mama awe ndiye sanduku. Mtoto uchi isipokuwa nepi na kofia, ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti, amefungwa kwa kitambaa asiteleze. Titi liko hapo hapo. Mapigo ya moyo yako hapo hapo. Huhitaji stima, na wewe unajua mambo ya stima kwetu.

Miaka mingi watu waliona hii ni dawa ya maskini, kitu cha kufanya ukikosa mashine. Kisha mwaka 2021 utafiti mkubwa ukatolewa, watoto zaidi ya 3,200 katika nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania. Watoto wa kati ya kilo moja na karibu kilo moja nukta nane. Kundi moja lilianzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza. Kundi lingine likafuata utaratibu wa kawaida. Vifo katika kundi la kwanza vilikuwa asilimia 12, kundi la pili karibu 16. Yaani kati ya kila watoto wanne ambao wangekufa, mmoja aliokolewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine.

Sasa shika hii namba, ndiyo iliyonifanya niandike: saa 17. Huo ndio wastani wa muda ambao wale watoto walikaa kifuani kila siku katika siku hizo za kwanza. Saa kumi na saba.

Kofia inafumwa jioni moja. Saa 17 kwa siku, siku baada ya siku, hakuna uzi wa kufuma hizo. Mama amejifungua juzi, pengine kwa upasuaji. Lazima aende choo. Lazima aoge. Lazima alale, na kulala umeegemea mito na mtoto wa kilo moja na nusu kifuani si kulala, ni kuchungulia usingizi. Nyumbani Manyatta ameacha watoto wawili na jirani. Kibanda chake cha omena kimefungwa, na kikifungwa wiki mbili wateja wamehama. Baba wa mtoto yuko ziwani ama kwa mjengo, ama hayupo tu. Baada ya siku chache mama anaanza kumweka mtoto kitandani saa moja, mbili, akimbie afanye kitu arudi. Si kwamba hampendi. Mikono ni miwili.

Na hapa ndipo kitu ambacho watu wengi hawajui. Si lazima kifua kiwe cha mama. Kwenye ule utafiti wa nchi tano, mama alichagua mtu wa kumpokea akiwa hawezi, na wakapokezana. Inaweza kuwa baba, shangazi, nyanya. Mtu mwenye afya, ameoga, amenawa mikono, na wodi imemkubali. Kwa mila zetu nyanya huja kukaa na mzazi hata hivyo, kwa hivyo si kitu kigeni. Ila kuna akina mama wasio na nyanya wa kuja. Wamekuja mjini peke yao, ama wamefiwa, ama nauli ya kutoka Migori haipatikani.

Sasa angalia Dorkasi tena. Unaona akina mama wenye sindano na uzi. Mimi naona vifua kumi, mikono ishirini, na watu ambao wanajua kunyamaza na kukaa na mgonjwa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao tangu zamani. Mmoja anaweza kupeleka uji. Mwingine anaweza kukaa kwa kibanda cha omena siku tatu kwa wiki. Mwingine anaweza kuwapeleka wale wawili wa Manyatta shule. Na kama mama mwenyewe amemwita na wodi imekubali, mmoja anaweza kufungiwa mtoto kifuani saa mbili mama akaoge na kulala. Hizo saa mbili zina uzito kuliko kofia tano.

Sisemi waache kufuma. Kofia ndiyo inayofungua mlango. Ukifika kwa mama usiyemjua na mikono mitupu, unasema nini? Ukifika na kofia ya mtoto wake, saizi yake, mazungumzo yameanza. Shida ni pale kofia inapokuwa mwisho wa safari: tunapeleka mfuko, tunapiga picha na muuguzi, tunaweka status, tunaenda.

Hii tabia si ya kwetu pekee. Australia mafuta yalipomwagika baharini karibu na kisiwa cha Phillip, waliomba watu wawafumie pengwini visweta ili wasilambe mafuta kwenye manyoya. Dunia nzima ikafuma. Visweta vikaja hadi vikazidi pengwini, na vya ziada vikavishwa pengwini wa kuchezea vikauzwa dukani. Denmark, 2013, watu walianza kufumia njiti pweza wa krosheti, ati mikia yake ni kama kitovu na mtoto akiishika anatulia. Picha ni tamu ajabu. Mamlaka ya afya ya huko ikasema hakuna ushahidi kwamba pweza anaboresha afya ya mtoto. Watu wanapenda kufuma kitu kizuri. Kizuri kwa nani ndiyo shida.

Lakini usinielewe vibaya, kuna mahali ambapo kilichofumwa ndicho chenyewe, hakuna mbadala wa bei hiyo. Kwa huo mfano itabidi tupande basi tutoke ziwani, tupite Nairobi, mpaka Thika.

Pale Thika kuna fundi anaitwa Mary Mwangi. Aliugua saratani ya uti wa mgongo, kisha ya titi, na katika kupona akajifunza kufuma. Leo anafuma matiti. Ndiyo, matiti. Mwanamke akikatwa titi kwa sababu ya saratani, na hiyo ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi kwa wanawake wa Kenya, anabaki na upande mmoja umelala. Sidiria haikai. Wengine huweka soksi, wengine vitambaa, na ukiinua mkono kwa matatu kitu kinahama. Titi bandia la silikoni linaweza kugharimu zaidi ya shilingi 20,000. La Mary ni la uzi, ndani limejazwa pamba laini, na huuzwa kama shilingi 1,500. Ni jepesi, halitoi jasho kama silikoni, unalifua. Huko Marekani mama mwingine aliyepona saratani, Barbara Demorest, alianza kulisambaza wazo hili mwaka 2011, lakini Mary amelifanya la hapa, na amefunza wanawake wengine waliopitia njia hiyo hiyo kufuma na kuuza.

Kwa nini hili linafanya kazi kama lilivyo? Kwanza, anayefuma analivaa. Anajua linakwaruza wapi. Pili, linapimwa kwa mtu. Hakuna saizi ya wote. Tatu, hakuna mtu mwingine angeweza kumpa huyo mwanamke kitu hicho kwa bei hiyo. Mtu wa Dorkasi hapa Kisumu anayetaka kujua sindano yake imalizie wapi angeanza hapo: wanawake waliokatwa titi wako kwenye kanisa lake, pengine kwenye benchi lake, na hawajasema.

Kuna kitu kingine. Angalia umri wa hao akina mama chini ya mwembe. Wengi ni wa enzi ya spoku. Mbogi yetu iko wapi? Tunasema kufuma ni mambo ya mashosho, halafu tunalipa elfu mbili kwa top ya krosheti ya Instagram. Na nyinyi maboyz mnaocheka, tembeeni Dunga beach asubuhi mboti zikiwa zimerudi. Mtaona wanaume wazima wamekaa chini, miguu imenyooshwa, sindano ya nyavu mkononi, wanaziba matundu fundo baada ya fundo. Hiyo ni kufuma. Hakuna mtu huwaita shosho.

Tarehe 17 Novemba kila mwaka ni siku ya dunia ya watoto hawa, na rangi yake ni zambarau, kwa hivyo utaona kofia za zambarau nyingi zikipelekwa hospitalini wiki hiyo. Ukitaka kujiunga, chukua vipimo. Mtoto wa wiki 30 kichwa chake kina mzunguko wa kama sentimita 28. Aliyetimiza miezi tisa ni kama 35. Tofauti ya sentimita saba ni kofia kukaa kichwani ama kuteleza ikafunika pua, na kofia juu ya pua ya mtoto wa kilo moja si mzaha. Uzi uwe laini, wa kustahimili maji moto, kwa sababu kila kitu kitafuliwa kabla ya kuvaliwa. Usiweke kifungo. Usiweke utepe. Ile mpira ya manyoya juu, achana nayo.

Na kabla hujaenda Kibuye kununua uzi, pitia wodini kwanza, uulize muuguzi anayesimamia ni nini wameishiwa wiki hii. Inawezekana kofia ziko droo nzima, na wanachotafuta ni leso za kuwafungia.